Kutoka Aba hadi Abbé: Safari ya Neno Moja la Baba



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya 31 ya Mwaka A, ile ya Mathayo sura ya 23, huwatia makatekista wetu katika shida kila inaporudi. Ndani yake Bwana wetu anawakataza wanafunzi wake kumwita mtu yeyote duniani baba, kwa sababu Baba yao ni mmoja, naye yuko mbinguni. Misa ikiisha, pale mlangoni mwa kanisa twaagana kwa kusema, "Kwa heri, Padre". Na neno hilo padre, lililotufikia kutoka Kireno, maana yake si nyingine ila baba. Basi jirani wa madhehebu mengine akimwuliza katekista wetu, "Mbona ninyi mnafanya hasa lile lililokatazwa?", si haki kumjibu kwa kicheko wala kwa hasira. Swali lake ni la kweli, tena ni la kale sana.

Leo twapenda kulijibu kwa kuzunguka kidogo, yaani kwa kuifuata safari ya neno moja la Kifaransa, neno abbé. Ndugu zetu wa Kongo, Rwanda na Burundi hulitumia kila siku wanapomwita padre wa jimbo. Lugha ya Kifaransa ina maneno kadhaa ya baba. Liko père, litokalo katika Kilatini pater, nalo ndilo la kawaida, nyumbani na kanisani. Liko papa, la watoto. Na liko abbé, ambalo Mfaransa hamwiti nalo kamwe baba mzazi wake. Hata hivyo, kwa asili yake, neno hili la tatu ndilo la nyumbani kuliko yote mawili, maana limetoka katika Kiaramayo, lugha iliyosemwa Nazareti, na mzizi wake ni aba.

Katika Agano Jipya neno hilo linaonekana mara tatu tu: mara moja katika Injili ya Marko, Yesu anaposali Getsemani usiku wa kuamkia mateso yake, na mara mbili kwa Mtume Paulo, katika Waraka kwa Warumi sura ya 8 na Waraka kwa Wagalatia sura ya 4. Mara zote tatu linafuatwa na tafsiri yake ya Kigiriki. Hapa yafaa tutulie kidogo. Wakristo wa Roma na wa Galatia hawakuwa watu wa Kiaramayo. Paulo angeweza kuwaandikia neno la Kigiriki peke yake, nao wangeelewa bila shida. Lakini neno hili lilikuwa limekwisha kukaa katika sala, na lililokaa katika sala halihamishwi kwa urahisi. Ndivyo sisi nasi tunavyosema Amina na Aleluya bila kudai tafsiri. Anayelitamka aba kwa Paulo ni mtu aliyepokea Roho wa kufanywa mwana. Anayelitamka kwa Marko ni Mwana mwenyewe, naye yuko katika hofu, anaomba kikombe kimwepuke.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba aba ni neno la mtoto mchanga anayejifunza kusema. Mafundisho hayo yalienea hasa kutokana na kazi za mtaalamu wa Kijerumani Joachim Jeremias, ambaye baadaye mwenyewe aliyapunguza makali. Mwaka 1988 mwanazuoni James Barr alionyesha kwa uangalifu kwamba siku zile za Bwana wetu neno hilo lilitumiwa na wana wazima pia, wenye ndevu na wenye nyumba zao, kumwita baba yao. Wazungu wengine walisikitika kupokonywa utamu ule wa mahubiri. Sisi hatuna sababu ya kusikitika. Katika Kiswahili mtoto wa miaka miwili husema "Baba", na mzee wa miaka hamsini akimsalimu mzazi wake husema "Baba" lilelile, kwa upendo uleule na heshima imeongezeka. Ndivyo lilivyokuwa aba. Msikilizaji wa Kiswahili yuko karibu na Getsemani kuliko Mfaransa, ambaye hana budi kuchagua kati ya neno la mtoto na neno la mtu mzima.

Tuongeze tahadhari moja kwa makatekista: kufanana kwa aba na baba kusiwafanye mkafundisha kwamba Kiswahili kimelichukua neno lake Palestina. Midomo ya watoto wachanga duniani kote huanza na sauti zilezile za b, p na m, na wazazi duniani kote huzipokea kwa furaha kana kwamba wameitwa wao. Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson aliandika juu ya jambo hilo miaka mingi iliyopita, na kila mama aliyelea anaweza kulithibitisha.

Talmudi ya Babeli, iliyokusanywa karne kadhaa baada ya Kristo, inasimulia habari ya mtu mcha Mungu aliyeitwa Hanani, mjukuu wa Honi mwomba mvua. Nchi ilipokauka, waalimu waliwatuma kwake watoto wa shule. Watoto wakaushika upindo wa vazi lake, wakamlilia wakimwita aba, wakitaka awape mvua. Hanani akamgeukia Mungu, akamsihi awape mvua kwa ajili ya hao wasiojua bado kutofautisha kati ya Aba awezaye kutoa mvua na aba asiyeweza. Twaipenda sana habari hii, ingawa si Maandiko yetu. Mtu yule hakuwakemea watoto kwa kumwita baba, wala hakujidanganya kwamba mvua ilikuwa mfukoni mwake. Alilipokea jina, kisha akalipeleka kwa mwenyewe.

Karne ya 3 na ya 4 neno letu likahamia jangwani Misri. Waume kwa wake waliacha miji na vijiji wakaenda kuishi peke yao kwa sala na kazi ya mikono. Kijana mgeni alimwendea mzee wa jangwani, akamwita aba, akamwomba neno la kumwokoa. Kwa upande wa wanawake walisema ama, yaani mama. Maarufu miongoni mwao ni Ama Synkletika. Angalieni kwamba jina hili halikuwa cheo cha upadre. Antoni Mkuu, aliyefariki mwaka 356, baba wa wamonaki wote, hakuwa padre. Halikuwa pia cheo cha kuchaguliwa, wala halikuwa na mshahara. Mtu aliitwa aba kwa sababu kulikuwa na wengine waliokuja kumwomba neno, basi. Wasingekuja, asingeitwa.

Nalo lile swali la jirani yetu liliulizwa huko huko. Mtakatifu Hieronimo, akiwa Betlehemu, aliandika ufafanuzi wake wa Injili ya Mathayo mwaka 398. Alipofika sura ya 23 alilikabili wazi: inakuwaje, ikiwa Bwana amekataza, kwamba katika monasteri za Palestina na Misri watu wanaitana baba? Jibu lake ni kwamba kuwa baba kwa asili ni jambo moja, na kuitwa baba kwa fadhili ni jambo jingine. Mungu ni Baba kwa asili. Binadamu huazimwa jina hilo, naye aliyeazimwa kitu anajua kwamba si chake. Mtume Paulo mwenyewe hakusita kuwaambia Wakorinto kwamba amewazaa kwa njia ya Injili.

Kutoka jangwani neno likaingia katika Kilatini likawa abbas, na katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto, baba wa wamonaki wa Monte Cassino, akaliweka katikati ya Kanuni yake. Sura ya 2 ya Kanuni hiyo inaeleza kwamba abate husadikiwa kuwa anashika nafasi ya Kristo monasterini, na kwa hiyo daima akumbuke jina analoitwa, wala asiagize lolote lililo nje ya amri ya Bwana. Kondoo wakikosa faida, lawama ni ya mchungaji. Na katika sura ya 63 Benedikto anasema jambo ambalo twaliona kuwa kiini cha maelezo yetu yote ya leo: abate aitwe Bwana na Aba, si kwa kujitwalia yeye mwenyewe, bali kwa heshima na upendo wa Kristo. Jina linatolewa na anayeita. Anayeitwa hana haki ya kulidai.

Wamonaki walilisambaza neno hilo Ulaya nzima. Waitaliani wakasema abate, na sisi tukalipokea kwa umbo hilo hilo. Waamini wa Peramiho, misioni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, wanamjua abate na wanaijua abasia. Wafaransa walilikata mkia neno la Kilatini abbatem kama ilivyo desturi ya lugha yao, likabaki abbé.

Na hapa, ndugu wapendwa, safari inaingia mahali penye matope. Monasteri zilikuwa na mashamba, misitu, mashine za kusagia nafaka na wapangaji. Palipo mapato hapakosi macho ya kuyatazama. Mwaka 1516 Papa Leo X na Mfalme Fransisko I wa Ufaransa walifanya mapatano ambayo yalimpa mfalme uwezo wa kuteua maaskofu na maabate wa nchi yake. Mfalme akawateua rafiki zake na wana wa wakubwa. Mtu aliweza kuwa abate wa monasteri bila kuwa mmonaki na bila kukaa humo hata siku moja. Alipokea sehemu yake ya mapato mjini Paris, na wamonaki wakabaki wakiongozwa na msaidizi. Baba aliyekula chakula cha wanawe: ndiyo maana neno abbé lilikuwa na harufu hiyo kwa karne mbili na zaidi.

Armand Jean de Rancé, aliyezaliwa mwaka 1626, alikabidhiwa monasteri kadhaa akiwa bado mtoto, mojawapo ikiwa La Trappe huko Normandia. Alikuwa kijana wa akili nyingi, mpenda uwindaji na mazungumzo ya watu wakubwa. Alipoingiwa na toba aliyaachia mapato yote isipokuwa nyumba ya La Trappe, iliyokuwa imechakaa na kuwa karibu kuanguka. Mwaka 1664 akaingia humo kama abate wa kweli, akaishi na ndugu zake kwa ukali wa maisha uliowashangaza wengi, hadi kifo chake mwaka 1700. Watrapisti wamelipata jina lao hapo. Wako wasemao kwamba ukali wake ulizidi kiasi, nasi hatuwapingi. Lakini alikuwa ameitwa baba tangu utotoni na watu asiowajua, akaamua kwenda kuwajua.

Vijana wengine hawakupata hata monasteri. Walinyolewa tonsura, wakavaa kola ndogo, wakaanza kujiita abbé kwa tumaini kwamba siku moja mfalme atawakumbuka. Katika karne ya 18 Paris ilijaa maabbé wa namna hiyo, walimu wa watoto wa matajiri, watunga vitabu, wageni wa kudumu katika karamu. Emmanuel Sieyès, aliyepata jina kubwa mwaka 1789 kwa kijitabu chake juu ya haki za watu wa kawaida, aliitwa abbé Sieyès ingawa wito wa upadre haukuwa na nguvu ndani yake. Lakini tusiwe wepesi wa kuwaweka wote katika gunia moja. Mjini humo humo aliishi abbé Charles-Michel de l'Épée. Alikutana na mabinti wawili viziwi, ndugu wa tumbo moja, ambao hakuna aliyekuwa akiwafundisha. Akajifunza ishara za viziwi wenyewe, akaziendeleza, akafungua shule nyumbani mwake bila kuwatoza ada maskini, akatumia mali yake mwenyewe mpaka alipofariki mwaka 1789. Wanafunzi wake hawakuweza kulitamka neno abbé kwa mdomo kama sisi. Twadhani hata hivyo kwamba ndio walioijua maana yake.

Mapinduzi ya Ufaransa yaliyafagia mapato: mali ya Kanisa ilitwaliwa na taifa mwezi Novemba 1789, na nadhiri za kitawa zikafutwa mwaka uliofuata. Jina likabaki uchi, bila shamba wala msitu. Katika karne ya 19 likawa jina la heshima la kila padre wa jimbo, hata yule wa kijiji kidogo kabisa. Na père likabaki kwa mapadre watawa, kama Wadominiko na Wayesuiti.

Kwa sura hiyo lilifika pwani yetu. Desemba 1860 alitua Unguja abbé Armand Fava, padre wa jimbo kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre na masista wachache. Mwaka 1863 misioni ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Roho Mtakatifu wakiongozwa na père Antoine Horner, na mwaka 1868 wakafika Bagamoyo. Kumbe abbé alitutangulia kutufikia kabla ya père, ingawa sisi tulichagua neno la tatu, padre, tukawaita wote kwa hilo.

Kongo, Rwanda na Burundi hawakuwaita wote kwa neno moja. Wamisionari wa Afrika, waliozoeleka kwa jina la White Fathers, waliitwa père. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambayo leo ni Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alipewa daraja takatifu Stefano Kaoze, padre wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Alikuwa padre wa jimbo, basi akaitwa abbé. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Rwanda ikapata mapadre wake wa kwanza, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, nao ni abbé. Kwa sheria ya Kanisa tofauti ilikuwa ya mtawa na asiye mtawa. Lakini kwa miongo kadhaa karibu kila père alikuwa Mzungu na karibu kila abbé alikuwa Mwafrika, na macho ya watu huona kwanza kilicho wazi. Maneno mawili yenye maana moja ya baba yakawa kama ngazi mbili, mmoja juu na mwingine chini. Kaoze alilichukua jina hilo kwa uvumilivu hadi alipofariki mwaka 1951. Leo wenye kuitwa abbé ndio wengi katika majimbo yale, na maaskofu wengi wametoka kwao.

Kuna jambo moja zito ambalo hatuwezi kulipita, ingawa tungependa. Watu wengi duniani walilijua neno abbé kwa sababu ya mtu mmoja, abbé Pierre, aliyezaliwa mwaka 1912 kwa jina la Henri Grouès. Mwaka 1949 alianzisha Emmaüs, chama cha kuwasaidia wasio na makazi, na tarehe 1 Februari 1954, katika baridi kali iliyoua watu barabarani, mwito wake wa redioni uliiamsha Ufaransa nzima. Alifariki mwaka 2007 akiheshimiwa kama baba wa maskini. Mwaka 2024 Emmaüs yenyewe ilitangaza ushuhuda wa wanawake waliosema kwamba aliwadhulumu kijinsia, na wengine wengi wakajitokeza baada yao. Mfuko wa makazi uliobeba jina lake ukaliondoa jina hilo mwaka 2025. Kabla ya hapo, Oktoba 2021, tume huru iliyoundwa kwa ombi la maaskofu wa Ufaransa ilikadiria kwamba watoto 216,000 waliumizwa na mapadre na watawa nchini humo tangu mwaka 1950. Hesabu hiyo isomwe polepole. Kila mmoja wao alifundishwa kumwita yule mtu baba, na alimwita hivyo kwa moyo mmoja, kama wale watoto walioshika upindo wa vazi la Hanani.

Basi katekista, ukiulizwa tena, usianze na Hieronimo. Mpe jirani yako haki yake kwanza. Bwana wetu katika sura ile alikuwa akisema juu ya watu wapendao kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, na watu hao wamekuwapo ndani ya nyumba yetu. Kisha mwonyeshe kwamba Paulo aliwaita Wakorinto wanawe, na kwamba jina tunalompa padre ni la kuazima. Akikujibu kwamba kitu cha kuazima hurudishwa kikiharibiwa, mwache aseme, amesema kweli.

Limebaki neno dogo la matumizi, hasa kwa parokia za Kigoma na kwingineko ambako ndugu zetu Wakongo na Warundi wanaishi nasi. Padre mgeni akiwasili na barua ya askofu wake wa Bukavu au wa Bujumbura, na mbele ya jina lake pameandikwa Abbé, msimtangaze kanisani kuwa Abate. Abate ni mkuu wa monasteri, ana pete na msalaba wa kifuani, na waamini watamtafuta kwa macho wasimwone. Semeni tu "Padre". Akiwa ni wa jimbo hatakasirika. Na akiwa ameandikiwa Père, semeni vilevile "Padre", kisha mpeni kiti na maji ya kunawa, maana barabara ile ina vumbi.